Jinsi ya kutambua mitishamba halisi na ghushi unaponunua dawa

Na MWANDISHI WETU

MWARUBAINI uliouziwa sokoni jana yamkini si mwarubaini. Gome uliloambiwa ni la muiri huenda lilibanduliwa kutoka kwa mti wowote ulio kando ya barabara, na ule unga wa kijani uliofungwa vizuri ndani ya kopo lenye picha ya jani huenda una vitu ambavyo havijawahi kuota katika shamba lolote.

Biashara ya dawa za mitishamba imetapakaa kila pembe ya nchi. Utaikuta Kongowea na Marikiti mjini Mombasa, Gikomba na Kariokor jijini Nairobi na Kibuye mjini Kisumu. Utaikuta pia katika vituo vya matatu, ndani ya mabasi ya masafa marefu na, siku hizi, katika simu za mkononi ambako muuzaji haonekani uso wala dawa haigusiki.

Wengi wa wauzaji hao ni watu waaminifu waliorithi ujuzi wao kutoka kwa wazazi na mababu. Hata hivyo, palipo na mnunuzi asiyeujua mti, mlaghai hakosi pa kusimama.

Makala haya hayakusudii kuthibitisha kwamba mmea fulani unaponya maradhi fulani. Hilo ni suala la watafiti na madaktari. Swali letu ni moja tu: je, kilichofungwa ndani ya karatasi ndicho ulichoitisha?

Kanuni ya kwanza

Kadiri dawa inavyokuwa mbali na mti, ndivyo inavyokuwa vigumu kuitambua. Tawi lenye majani, maua na matunda hujitangaza lenyewe. Gome lina alama chache, nao mzizi uliokatwakatwa una alama chache zaidi. Unga hubakisha rangi na harufu pekee. Dawa iliyotiwa ndani ya kapsuli haibakishi chochote isipokuwa neno la muuzaji.

Kwa hivyo, mnunuzi mwenye busara hununua karibu na mti kadiri awezavyo. Ikiwa jani bichi au lililokauka likiwa zima linapatikana, hakuna sababu ya kununua unga. Ikiwa gome zima lipo, lichukue hilo ukalitwange mwenyewe nyumbani.

Ughushi wa mitishamba ni wa aina nne. Kwanza, ni mmea mwingine kabisa kuuzwa kwa jina la ule unaotafutwa, ama kwa hila ama kwa kutojua. Pili, ni mmea halisi uliochanganywa na unga wa vitu vya bei rahisi ili uzito uongezeke. Tatu, ni dawa halisi iliyokwisha nguvu kwa kukaa juani, kunyeshewa au kushika kuvu. Nne, na hii ndiyo ya hatari kubwa zaidi, ni unga wa mimea uliotiwa dawa za hospitalini kwa siri.

Jina si mti

Makosa mengi huanzia kwenye jina. Mmea mmoja huwa na majina kumi katika lugha kumi, na jina moja huweza kubebwa na mimea miwili isiyofanana kwa matumizi.

Chukua mfano wa mwarubaini, mti uliotoka Bara Hindi na ambao wataalamu huuita Azadirachta indica. Una binamu yake aitwaye Melia azedarach, ambao hupandwa kama pambo na kivuli, na ambao baadhi ya watu wa nyanda za juu huuita mwarubaini vilevile. Matunda ya binamu huyo ni sumu kwa binadamu na kwa mifugo.

Kuitofautisha miti hiyo miwili si kazi ngumu iwapo una tawi mkononi. Jani la mwarubaini halisi limegawanyika mara moja tu: vijani vimepangwa pande mbili za kikonyo kimoja, vimejipinda kama mundu na kingo zake zina meno kama ya msumeno. Jani la Melia limegawanyika mara mbili, yaani kikonyo kikuu kinatoa vikonyo vingine, na hivyo ndivyo vinavyobeba vijani.

Maua nayo hayadanganyi. Ya mwarubaini ni meupe, ilhali ya Melia yana rangi ya zambarau iliyopauka. Tunda la mwarubaini ni la mviringo uliorefuka, ilhali la Melia ni duara na aghalabu hubaki mtini hata baada ya majani kupukutika.

Jiografia pia ni shahidi. Mwarubaini hupenda joto la Pwani na maeneo makavu ya chini, na hauvumilii baridi kali. Anayekuambia kwamba amechuma majani ya mwarubaini nyuma ya nyumba yake katika milima yenye umande wa barafu ana swali la kujibu.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Mizizi ya kichaka ambacho Wakikuyu hukiita mukawa, Wamaasai olamuriaki na Wajaluo ochuoga, hutumiwa na jamii nyingi humu nchini, hasa kwa kuchemshwa pamoja na supu. Mmea huu wa jenasi ya Carissa ndio uliovuma mwaka wa 2011 kwa jina la mugariga, wakati maelfu ya watu, Wakenya wakiwemo, walipomiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za nchi hiyo.

Kichaka hicho kina jamaa yake wa ukoo mmoja aitwaye msunguti, yaani Acokanthera. Huo ndio mti ambao Wagiriama na Wakamba walitumia kutengeneza sumu ya mishale ya kuwindia, na sumu yake hushambulia moyo. Mimea yote miwili hutoa utomvu mweupe, maua yenye harufu nzuri na matunda yanayoiva kuwa ya zambarau inayokaribia weusi.

Tofauti iliyo bayana ni miiba. Mukawa una miiba mikali; msunguti hauna hata mmoja. Sasa fikiria mzizi uliochimbwa, ukakatwa vipande na kukaushwa: mwiba uko wapi? Ndiyo sababu mzizi wa aina hii haufai kununuliwa kwa mtu usiyemjua, na ni heri kuukosa kuliko kuubahatisha.

Ulimwengu umewahi kulipa kodi ya kosa kama hilo. Nchini Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza unene walipewa mzizi wa Aristolochia mahali pa mzizi mwingine wa Kichina uitwao Stephania. Majina ya Kichina ya mimea hiyo miwili yanakaribiana mno. Takriban wanawake 100 waliharibika figo, na baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo miaka kadhaa baadaye. Hakuna aliyekuwa amekusudia kuwadhuru. Jina tu ndilo lililokosewa.

Magome na mizizi

Magome na mizizi hutambuliwa kwa harufu, rangi ya ndani na, kwa tahadhari kubwa, ladha. Usiweke mdomoni kitu ambacho hujakihakikisha kwa njia nyingine kwanza. Ladha ni ya kuthibitisha unachokifahamu, si ya kubahatisha usichokijua.

Muthiga, ambao Wamaasai huuita osokonoi na Wakalenjin soget, ni mti ambao gome lake hutafutwa kwa ajili ya kikohozi na maumivu ya tumbo. Alama yake kuu ni ukali. Kipande kidogo cha gome halisi huwasha ulimi kama pilipili na ukali huo hukaa mdomoni kwa muda. Gome lisilo na ukali wowote ama si muthiga ama limezeeka hadi likaishiwa.

Muiri, kwa jina la kitaalamu Prunus africana, ni mti wa misitu ya milimani ambao gome lake huuzwa hata Ulaya kwa matatizo ya tezi kibofu ya wanaume wazee. Gome likikatwa likiwa bichi, na hata jani likifikichwa, hutoa harufu ya lozi chungu. Harufu hiyo hupungua gome likaukapo. Kwa hivyo uliza lilibanduliwa lini na wapi.

Mukombero, mzizi wa mmea utambaao wa Mondia whytei unaopatikana sana Magharibi mwa nchi, hasa maeneo ya msitu wa Kakamega, hujulikana kwa harufu yake tamu inayofanana na ya vanila. Mtafunaji hukutana kwanza na uchungu kidogo, kisha utamu. Mzizi usionukia haustahili pesa zako.

Shubiri nayo ina utata wake. Chini tu ya ngozi ya jani la mshubiri mna utomvu wa manjano ulio mchungu kupindukia na unaoharisha, na ndani zaidi mna ute mweupe usio mchungu. Hizo ni bidhaa mbili tofauti. Chupa iliyoandikwa shubiri bila kueleza ni utomvu au ni ute haijakuambia lolote.

Fahamu pia kwamba uhaba ni mama wa ughushi. Muiri uliwekwa mwaka wa 1995 katika orodha ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES, kwa sababu uvunaji ulikuwa umepita kiasi. Mishubiri ya mwituni humu nchini ililindwa kwa amri ya rais ya mwaka wa 1986. Mti ukiwa adimu msituni lakini tele sokoni tena kwa bei ya kutupa, pana jambo.

Mbegu na viungo

Habasoda, ambazo waumini na wasio waumini hununua kwa wingi Pwani na mtaani Eastleigh, ni mbegu ndogo nyeusi zenye pembe. Zinazoigiza sura yake kwa urahisi ni mbegu za vitunguu. Ponda chache kati ya vidole: habasoda halisi hunukia vikali, harufu iliyo kati ya pilipili manga na viungo vya chai, na huacha mafuta. Zikiacha rangi nyeusi kwenye kitambaa chenye maji, zimetiwa rangi.

Mbegu za mlonge hazina mwigo rahisi, kwani ni duara na zimezungukwa na mabawa matatu membamba kama karatasi. Kinyume chake, unga wa majani ya mlonge ni rahisi kuchanganywa. Ulio mzuri una rangi ya kijani iliyokolea. Uliogeuka kahawia ama umeanikwa kwenye jua kali ama umekaa sana.

Mdalasini huuzwa kwa aina mbili. Ule wa asili ya Sri Lanka, ambao pia hustawi Zanzibar, una tabaka nyingi nyembamba zilizoviringishwa pamoja kama sigara na huvunjika kwa urahisi. Ule uitwao kasia ni kipande kimoja kinene na kigumu. Kasia si sumu katika pilau, lakini ina kumarini nyingi, kemikali inayoweza kudhuru ini ikitumiwa kwa wingi kila siku. Wenye kisukari wanaoramba kijiko cha unga wa mdalasini kila asubuhi wanapaswa kujua wanatumia upi.

Unga na uchafu

Ukilazimika kununua unga, ununue kidogo kwanza. Utandaze juu ya karatasi nyeupe mahali penye mwanga na uangalie kama rangi ni moja au ina madoa ya unga mwingine. Tia kijiko kimoja ndani ya bilauri ya maji: mchanga utazama chini upesi, na rangi ya kupaka itaachana na unga na kuyatia maji wekundu au ukijani usio wa kawaida.

Nusa. Harufu ya uvundo ni ya kuvu, na kuvu si jambo la kupuuza. Baadhi yake hutoa aflatoksini, sumu ile ile iliyokuwa ndani ya mahindi mwaka wa 2004 na kuua watu 125, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui. Dawa iliyoshika unyevu haifai kuanikwa upya na kutumiwa. Itupwe.

Dawa inayofanya kazi upesi mno

Wahenga walisema kuwa haraka haraka haina baraka, na hapa wamesadifu. Mnunuzi wa kawaida huogopa dawa isiyo na nguvu. Anayestahili kuogopwa zaidi ni yule anayeuza dawa yenye nguvu za ajabu.

Katika nchi nyingi, wakaguzi wamekuta unga wa mitishamba uliochanganywa na dawa za viwandani. Dawa za maumivu ya viungo na pumu hutiwa steroidi. Za kisukari hutiwa vidonge vya kushusha sukari. Za nguvu za kiume hutiwa sildenafili, ambayo ndiyo dawa iliyo ndani ya Viagra. Mgonjwa hupata nafuu siku ile ile, akaimba sifa za mizizi, kumbe mizizi haina habari.

Mkasa wa Singapore wa mwaka wa 2008 ni funzo tosha. Kati ya Januari na Mei, watu 150 wasio na kisukari walilazwa hospitalini baada ya sukari kushuka vibaya mwilini. Uchunguzi uliwaelekeza madaktari kwenye dawa za nguvu za kiume, zikiwemo zilizouzwa kama mitishamba, ambazo ndani yake mlikuwa na dawa ya kisukari. Wagonjwa 7 walizimia wasizinduke upesi, na 4 wakafariki.

Zipo dalili za kukutia shaka. Maumivu ya miaka mingi yakitoweka kwa saa chache, jiulize. Uso ukifura na kuwa mviringo, uzito ukiongezeka na sukari au shinikizo la damu likipanda baada ya majuma kadhaa ya kutumia unga wa viungo, huenda unameza steroidi. Usiiache dawa hiyo ghafla kwa uamuzi wako, kwani kuacha steroidi kwa ghafla kuna hatari zake. Nenda kwa daktari ukiwa umeibeba.

Mwenye maradhi ya moyo anayetumia dawa za kundi la naitreti asithubutu kugusa unga wa nguvu za kiume asioujua. Sildenafili na naitreti zikikutana, shinikizo la damu huweza kuporomoka hadi kumwua mtu.

Kibandiko na sheria

Bidhaa iliyopakiwa ina wajibu wa kujieleza. Tafuta jina la kitaalamu la mmea, sehemu iliyotumika, iwe ni jani, gome au mzizi, jina na anwani ya mtengenezaji, nambari ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuharibika. Kibandiko chenye orodha ya maradhi 20 lakini kisicho na jina la mmea kimekuficha lile la muhimu.

Bodi ya Dawa na Sumu ndiyo husajili dawa za mitishamba zinazouzwa zikiwa zimepakiwa. Nambari ya usajili iliyochapishwa juu ya kopo si ushahidi kamili, kwa kuwa yeyote mwenye mashine ya kuchapisha anaweza kuibandika. Ihakikishe kwa bodi yenyewe.

Usichanganye vyeti. Alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) haimaanishi kwamba bidhaa inatibu ugonjwa. Aidha, kwa miaka mingi waganga wa jadi wamekuwa wakiandikishwa na idara ya utamaduni. Cheti hicho humtambulisha mtu, si dawa aliyoibeba. Vazi la kimila nalo si cheti. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 imetenga sehemu nzima kwa tiba za kiasili na mbadala, lakini sheria haiwezi kusimama badala yako mbele ya meza ya muuzaji.

Anayetaka uhakika juu ya mmea anaweza kupeleka tawi lenye majani na maua kwa wataalamu wa hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi. Kitabu cha Profesa John Kokwaro kuhusu mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1976, nacho kingali msaada mkubwa kwa anayetaka kulinganisha majina ya mimea katika lugha mbalimbali.

Maswali ya kumwuliza muuzaji

Kabla ya kutoa pesa, uliza: Mti huu unaitwaje kwa lugha yenu, na kwa lugha nyingine? Umetoka wapi? Ulivunwa lini, na sehemu gani? Naweza kuona jani lake? Nani hapaswi kuutumia?

Swali la mwisho ndilo mizani. Tabibu wa kweli atakuambia kwamba dawa fulani haimfai mjamzito, au isitumiwe pamoja na dawa za hospitali. Mlaghai atakuambia kwamba dawa yake haina madhara kwa yeyote, inatibu kila kitu, na bei itapanda kesho. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ukishanunua, hifadhi karatasi au kopo na ubakishe dawa kidogo. Ukitapika, ukizimia, moyo ukienda mbio au macho yakigeuka manjano, kimbia hospitalini ukiwa na mabaki hayo mkononi. Usione haya kumweleza daktari ulichokunywa. Aibu hiyo imewachelewesha wengi. Kisha ripoti kwa Bodi ya Dawa na Sumu, maana aliyekuuzia wewe leo atamwuzia jirani yako kesho.

Zamani mtu alichimbiwa dawa na nyanya yake, ambaye aliujua mti, kijito ulikoota na mwana ambaye angeinywa. Soko limetunyang'anya nyanya huyo. Mnunuzi wa leo hana budi kuuliza yale ambayo nyanya alikuwa akiyajua bila ya kuulizwa.